Nafasi ya Marehemu

"Nafasi ya kiumbe hufa na mwenyewe," mwalimu wa falsafa alimwambia mkewe mtafiti, wakiwa mlangoni mwa banda la vioo. "Ndege katoweka, mama watoto. Hakuacha pengo lolote."

"Basi hili ua linamsubiri nani?"

Mtafiti alifungua kufuli. Tangu ndege wa mwisho wa aina iliyolichavusha afe, ni yeye aliyechavusha kwa brashi ua lile jembamba kama mrija.

"Linakusubiri wewe," mume akacheka. "Umeota mdomo."

Mtafiti akainama. Kabla hajagusa brashi, chavua ilikuwa imeshapakwa, mbichi, na asali yote ya ndani imefyonzwa.

Kicheko kikakatika. Upepo haukuwepo, lakini tawi la juu lilikuwa bado linanesa.

"Funga mlango," mume akanong'ona. "Asitoke."