Kitu Kimoja Lazima Kitoke

Mpambaji wa nyumba alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chumba, macho ameyafumba, dakika ya arobaini sasa. Mwenye chumba, mwalimu mstaafu, alichungulia mlangoni kwa mara ya tatu na kuuliza kwa upole kama amwitie daktari.

"Nakisikiliza chumba, mwalimu."

Mwalimu akasema, "Haya," akarudi jikoni kwake.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mpambaji. Kwanza saa nzima ya kimya, kisha anafumbua macho na kutaja kitu kimoja. Aliamini kwamba kila nyumba ina kitu kimoja kinachoiharibu, na wenyewe hawakioni kwa sababu wamekizoea. Kitoe hicho tu, nyumba itajipanga yenyewe. Falsafa hii ilikuwa imempatia wateja wanne katika miaka kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa binamu zake.

Nyumbani kwake aliitumia bila huruma. Alianza na kiti cha kuegemea ambacho mkewe alirithi kwa marehemu mama yake, kikaenda stoo. Ikafuata saa ya ukutani, likafuata kabati la vyombo, zulia, cherehani. Kila kitu kilipotoka, alisimama mlangoni mwa sebule, akainamisha kichwa upande, akasema bado, bado kuna kitu. Mkewe, mtu wa maneno machache, angeuliza ni kipi, naye angemjibu kwamba jicho la kuona vitu kama hivyo haliuzwi sokoni.

Ndiyo maana kazi hii ilikuwa nzito kwake. Mkewe mwenyewe ndiye aliyemtafutia. Mwalimu alikuwa amemfundisha mwanamke huyo shule ya msingi, na sasa alikuwa na chumba cha uani cha kupangisha. "Kifanye kizuri kweli," mkewe alimwambia, "halafu Jumamosi tutazungumza yetu." Mpambaji alielewa mara moja. Mpangaji akikipenda chumba, mkewe atamwamini, na habari za duka la mapazia la shemeji yake, ambako nafasi ya kupima madirisha ilikuwa ikimngoja tangu mwaka jana, zitakufa kifo chake. Asipokipenda, basi tena, atashika futi kamba kama watu wengine.

Saa ilipotimia alifumbua macho, akaamua kitu kilichozidi ni rafu ya vitabu. Mwalimu akaitoa bila ubishi. Kisha mpambaji akauliza maswali yake kumi kuhusu mpangaji, maana kwa kanuni hakutani naye mpaka kazi iishe, asije akamchanganya kwa maoni. Mwalimu akasema atawauliza watu wake. Kesho yake akaja na majibu kwenye daftari, mwandiko umenyooka kama wa ubaoni.

Mpangaji ni mtu mzima. Hapiki, ila huonja na kukosoa. Vitu vya wenzake humkera. Akikosea haombi radhi, hueleza. Mpambaji alicheka mpaka akajishika mbavu. Nyani haoni kundule, alisema, na akamwonea huruma yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na kiumbe huyo.

"Watu wake wamemvumiliaje?"

"Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, mwanangu."

Akaazimia chumba kimfunze adabu. Aliweka kitanda chembamba, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na kiti kimoja cha mbao kisicho na egemeo. Mwalimu aliomba waongeze walau mto juu ya kile kiti. Mpambaji akakataa katakata. Mtu wa namna hii, alifafanua, anatakiwa akae ajifikirie, si ajinyooshe.

Alhamisi mchana alirudi nyumbani mapema akamkuta mkewe amekaa sakafuni katikati ya sebule, macho ameyafumba. Machozi yalimlengalenga mpambaji. Miaka yote hiyo, leo hatimaye mwanamke ameielewa kazi yake! Alivua viatu, akanyata hadi chumbani asimkatize. Baadaye alimuuliza kama amekiona kitu chenyewe. Mkewe akasema kinaanza kuonekana. Yeye alikisia ni pazia, lakini hakutaka kumharibia raha.

Jumamosi asubuhi mkewe alikuwa akikipangusa vumbi kile kiti cha mama yake. Mpambaji alidhani anakiuza, na kwa ukarimu mkubwa hakutia neno. Alivaa shati lake jeupe, lile la kukabidhia kazi, akaondoka kwenda kwa mwalimu.

Mwalimu alimpokea uani, mkono mmoja ameshika ufunguo, mwingine mto.

"Shikamoo, mwalimu. Mto hapana, tulishakubaliana. Mpangaji amefika?"

"Marahaba. Amefika."

"Amekipenda?"

"Hilo atatuambia mwenyewe." Akampa ufunguo, na mto akamkumbatisha vilevile.

Chumbani hapakuwa na mtu. Kando ya kitanda palikuwa na sanduku la kahawia, limefungwa kwa kamba pale kufuli ilipovunjika. Mpambaji aliinama akaishika kamba. Kamba ile aliifunga mwenyewe, siku aliyolishusha juu ya kabati lao la nguo kwa kosa la kuharibu mandhari. Na kwenye ule msumari mmoja palining'inia koti lake mwenyewe.

Juu ya kiti palikuwa na bahasha. Aliuweka mto, akakaa, akaifungua. Mwandiko ulikuwa wa mkewe:

"Mume wangu, ulikuwa sahihi. Nilikaa kimya saa nzima kama unavyofundisha, na kweli, kilikuwa kitu kimoja tu."