Zamu ya Dirisha

Mkokoteni ulishatoka na kitanda chake, na Bi Tunu akaufuata nyuma amekumbatia kiti cha marehemu mumewe. Katika makao yote ya wazee mjini alichagua haya, kwa sababu ya chumba kimoja tu: dirisha lake lilitazama kaburi la mume. Kufika, akamkuta Bi Raya, mke mwenzake, ameshatandika mkeka dirishani.

“Hata kaburi la mume wangu utaling’ang’ania?”

“Alikuwa wako peke yako lini, mwenzangu?”

Msimamizi akawaweka wote humo. Wakagawana dirisha kama walivyogawana mume: siku mbili huyu, mbili yule.

Bi Raya alifariki masika yaliyofuata. Msimamizi alihamishwa. Bi Tunu yupo bado, na zamu ya mwenzake ikifika hugeuza kiti, akatazama ukuta.