Sauti Chini ya Mvua

Mutembei aliitua kompyuta mpya juu ya meza ya marehemu baba yake, kijijini Ijumbi, ukoo mzima ukimtazama. Hakutaka kuijaribu kwanza studioni kwake Bukoba, wasije wakasema ameichezea sauti ya mzee.

"Kaka, si nilikwambia usubiri?" Kamala alisema kwa upole. Mdogo wake huyu alikuwa mwalimu wa kompyuta katika sekondari ya Kahororo. "Prosesa hizi za viini vingi ndiyo kwanza zimetoka. Zinachemka, na programu nyingi bado hazijazizoea. Waachie wengine waumie kwanza."

Wimbo ule ule tangu msiba, na Mutembei alikuwa ameuchoka. Mzee aliahidi kumtaja omusika, mrithi wa kibanja, yaani shamba la ukoo, na akajirekodi kwa simu kabla hajakata roho. Lakini siku hiyo mvua ilipiga bati mpaka ikafunika kila neno. Kamala peke yake ndiye aliyekuwa na mgonjwa, naye aliapa kwamba hakusikia kitu.

Kibanja kilibaki kwa Mutembei kwa kuwa ndiye mkubwa, na watu wakanong'ona. Kompyuta yake ya zamani ilikwama kila alipojaribu kuichuja ile mvua. Hii mpya ingeweza, na aliyeipinga ni yule yule aliyekuwepo chumbani. Mutembei hakuzaliwa jana.

"Unaogopa nini?" alimuuliza mbele ya watu.

Kamala aliinamisha kichwa. "Kibanja unacho tayari, kaka. Zima hiyo mashine, twende tukale."

Shangazi yao, Anatolia, aliacha kutafuna punje za kahawa. "Iache iseme," alisema.

Mutembei alibonyeza. Alikuwa na ile furaha chungu ya mtu anayekaribia kumuumbua ndugu yake, na hakuionea haya. Viini vikagawana kazi, feni ikavuma, na kabla hajakaa vizuri mvua ilikuwa imetoweka. Sauti ya baba ikajaa sebuleni, safi, kana kwamba yumo kitini mwake.

"Mutembei si wangu. Mama yenu alikuja naye tumboni. Omusika ni wewe, Kamala."

Kisha ikafuata sauti ya Kamala, ikilia.

"Tata, usiyaseme haya tena. Kibanja mwachie kaka. Mimi nitawaambia mvua ilinizuia kusikia."