Nasaba ya Kiazi

Filomena alimshika farasi hatamu, na mumewe Cyriel akampaka masizi ya chungu pale penye nyota nyeupe ya paji la uso. Alikuwa akilia huku anapaka, mwanamume mzima, wala hakuona haya.

"Paka sawasawa," mkewe akamwambia. "Machozi yako yatayaosha masizi."

Farasi mwenyewe alikuwa Kardinali. Nani asiyemjua katika vijiji hivi vya Brabant? Babu yake Cyriel ndiye aliyeuanzisha ukoo ule kwa jike mmoja mwekundu, na baba yake hakukubali hata mara moja, hata mwaka wa njaa, jike wake apandwe na dume asiyejulikana. Sasa ukoo wote ulikuwa umebaki kwa dume huyu mmoja. Akiondoka, umekatika, basi tena.

Na wanajeshi wa Kijerumani walikuwa wameshafika uwanjani. Jana yake mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba kila mwenye farasi dume amlete, na aje tayari kutaja baba, mama na babu zake.

"Anayeuliza ukoo anautaka ukoo," Cyriel alisema, na kijijini hakuna aliyembishia. Mwizi gani anauliza ubora wa kitu asichokitaka?

Kwa hiyo akazikata zile singa ndefu za shingoni kwa mkasi wa kondoo, ovyoovyo, akamsiliba tope mbavuni, akamtia kamba kuukuu badala ya hatamu ya ngozi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Uwanjani alimkuta Odilon, jirani yake na hasimu wake wa kila mwaka kwenye maonyesho ya farasi. Odilon, masikini, alikuwa amemsuka farasi wake kwa utepe mwekundu kana kwamba wanakwenda harusini.

"Umerogwa?" Cyriel akamnong'oneza. "Mtukane, bwana! Sema ni takataka, watakuachia."

"Nimtukane farasi wangu mbele za watu? Nikifa nitamwambia nini marehemu baba?" Odilon akamtupia jicho Kardinali, tope hadi masikioni. "Na wewe huyo mbuzi umemtoa wapi?"

"Nyamaza, nakuomba."

Zamu ya Odilon ilipofika, aliutaja uzao wa farasi wake kizazi baada ya kizazi, sauti juu, kidevu juu. Afisa wa Kijerumani, aliyekijua Kiflemi, lugha ya wenyeji, kwa kuungaunga, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole upande wa kanisa. Odilon akamfunga farasi wake ukutani pale, akajifuta pua kwa mkono wa koti. Watu wakainamisha vichwa. Jeuri yake imemponza, walisema, lakini walimwonea huruma.

Akaitwa Cyriel.

"Jina la farasi?"

"Kiazi, bwana mkubwa."

Nyuma watu wakaanza kukohoa ili wasicheke.

"Baba yake?"

"Mungu ndiye ajuaye. Mama yake alikata kamba akazurura, akarudi na mimba."

Afisa alimzunguka farasi polepole. Akaita kwa ghafla, "Kiazi!" Kardinali hakutikisa hata sikio.

Cyriel akadakia. "Ni... ni kiziwi pia, bwana mkubwa."

"Kiziwi? Vizuri. Na kuvuta?"

"Kuvuta tu ndiko anakokujua. Kichwani hamna kitu."

Afisa akamkagua kwato, akampitisha kiganja kifuani. Afisa yule alikuwa mjuzi wa farasi, si wa kudanganywa na tope. "Kifua hiki si cha kuokota njiani," akasema. Akamgeukia Odilon. "Wewe uliyetaja koo zote hizo. Huyu unamjua?"

Odilon akamkazia macho farasi. Miaka nenda miaka rudi Kardinali ndiye aliyempokonya nafasi ya kwanza, na watu wakimcheka mpaka kilabuni. Neno moja tu lingetosha kulipiza. Cyriel alimtazama, akashindwa hata kusali.

Odilon akatema mate chini.

"Huyo? Mama yake alivuta mkokoteni wa samadi mpaka akafa. Mimi hata jike kilema nisingempandisha kwa hicho kituko."

Afisa akaangua kicheko, akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye kiwanda cha bia, walikosimama farasi wa mikokoteni na wa kulimia viazi.

 Cyriel alimwongoza Kardinali hadi huko, akamfunga kati ya wale wanyonge, kisha akarudi mbio kumkumbatia Odilon, na tope lake lote.

"Ndugu yangu, umeuokoa ukoo wangu, na wako ndio huo unakwenda. Nitakulipa nini mimi?"

"Hebu niache, usinilize mbele za watu," Odilon akasema, naye analia tayari. "Majike wangu nitawaleta kwako. Usije ukaniringia tu."

Filomena, aliyekuwa amewafuata uwanjani, alipiga ishara ya msalaba, akafungua kitambaa chake, akawamegea mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Wakala wamesimama, wote watatu, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze Cyriel akacheka kwa sauti.

Mpiga mbiu akapiga kengele. Afisa alimnong'oneza maneno sikioni, naye akayapaza kwa uwanja mzima:

"Wenye farasi wa ukutani kwa kanisa, warudisheni nyumbani wakazalishe, vita hivi ni virefu! Hawa wengine wasio na ukoo wanafungwa kuvuta mizinga ya vita, na wanaondoka sasa hivi!"