Kura ya Majabalini

Siku hizi mashua hujigeuza zenyewe kufuata kura za waliomo, nami nahodha nina moja tu, sawa na mke wangu Tausi anayetupikia. Wiki nzima katika Ziwa Tanganyika niliwatania wageni wetu, Bi Nyamizi na mumewe, kwamba tanga limetoboka, kwamba mamba wanapenda wenye vitambi.

Leo wakataka tupite katikati ya majabali, wapige picha.

"Kuna mwamba chini ya maji," nikasema. "Tutapasuka."

"Kama tanga lilivyotoboka, nahodha?" akauliza Bi Nyamizi.

"Safari hii sitanii."

Wageni wakanyoosha mikono. Nikamgeukia Tausi.

"Huyu akisema hatanii, ndipo anapotania," akacheka, akanyoosha mkono wake.

Usukani ukajizungusha mikononi mwangu, kuelekea majabalini.