Chukua Kimoja, Acha Kimoja

Mkono wa Modesta ulikuwa umezama mpaka begani chini ya behewa kuukuu, vidole vinapapasa kopo, mtu alipomshika kisigino.

Akacheka. Alidhani ni Kija, mtoto wa marehemu kaka yake, amekuja kumtania.

"Toka huko, mama. Toka taratibu."

Haikuwa sauti ya Kija. Ilikuwa ya Okomo, mlinzi wa makumbusho ya reli, kijana ambaye siku zote humwamkia kabla hajafika getini. Leo shikamoo haikuwepo. Nyuma yake alisimama Rozina, jirani yake Modesta wa ukuta mmoja, na nyuma ya Rozina wauza samaki wa pale getini, wanazidi kuongezeka.

Hapo Modesta akafanya kosa. Alilivuta kopo, akalificha ndani ya kanga. Kanuni ya kwanza ya mchezo ni kwamba asiyecheza asilione kopo. Kija alimwambia hivyo, naye ni mtu wa kushika neno.

"Nilivyoambiwa ndivyo!" alisema Rozina. "Niliambiwa nenda Jumamosi mchana kwenye mabehewa, ukajionee mwenyewe. Nikabisha, jamani. Nikabisha!"

Modesta hakuelewa alibisha nini.

Mchezo wenyewe wala si wa ajabu. Watu duniani kote huficha vikopo na kuonyesha mahali pake kwenye ramani ya simu, wengine wakaenda kuvitafuta. Ukikipata, unachukua kimoja, unaacha kimoja, unakirudisha kilipokuwa. Kija ndiye aliyemfundisha. Alikuja kwanza kuzungumzia kile kiwanja cha shangazi yake, cha Buswelu. Modesta akamwambia kiwanja hakiuzwi mpaka yeye aingie kaburini, na kijana wa watu hata hakununa. Juma lililofuata akarudi na simu mkononi.

"Shangazi, tangu mzee wako afariki unakaa tu ndani. Twende tukacheze."

Na kweli walicheza. Walipata kopo Buzuruga, nyuma ya stendi, wakapata jingine kwenye mawe ya ufukweni. Siku moja walikwenda mpaka Busisi, wakala sato na kutazama magari yakipita darajani. Modesta hakujaliwa mtoto. Siku zile alijisikia anaye.

Hili la makumbusho Kija alilificha mwenyewe, kwa ajili yake, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa gadi wa treni. "Weka vitu vya watu unaowapenda, shangazi. Kitu kidogo tu, na wenyewe wasijue. Ndio utamu wake." Kwa hili hakuhitaji hata simu. Kazi ilikuwa kwenda mchana, wageni wakiwa wengi, na asionekane. Ukionekana, umeshindwa.

"Umeficha nini hapo, mama?" aliuliza Okomo.

Basi, ameshindwa. Modesta alitoa kopo kwenye kanga, akampa, bado ana tabasamu la mtu aliyekamatwa kwenye mchezo wa kitoto. Okomo alilifungua na kumimina vilivyomo juu ya ngazi ya behewa.

Ulitoka ushanga wa nywele wa Queen, mtoto wa Rozina, bado umezungukwa na nywele. Modesta mwenyewe ndiye aliyemsuka, ukambakia mkononi. Kikatoka kifungo cha shati la Okomo, alichokiokota getini. Na kikatoka kitambaa chekundu kilichopigwa fundo, ambacho Modesta hakuwahi kukiona. Akadhani kuna mchezaji mwingine amepita.

Rozina alipiga yowe.

"Queen anaungua homa siku zote hizi! Hospitali nimeenda mpaka nimechoka! Kumbe nywele zake ziko huku! Muoneni macho, jamani! Muoneni macho!"

Watu wakayaona. Yalikuwa mekundu, kama watu wasemavyo ya wachawi, na kama ya yeyote aliyebanika samaki kwenye moshi maisha yake yote. Mtu mmoja akainama, akaokota jiwe. Mawe kwenye reli hayatafutwi, yamemwagwa tele kati ya mataruma yanayobeba vyuma, kila moja linajaa kiganja. Wengine nao wakainama.

Modesta aliingiwa na hofu. Lakini ilikuwa hofu ya mtu mwenye shahidi.

"Ni mchezo!" alisema. "Jamani, ni mchezo tu, wa simu! Mpigieni Kija, mtoto wa kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, atawaambia."

"Mchezo wa nywele za watoto?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Okomo aliinua mkono. Kifungo chake alikuwa bado amekishika, na jasho linamtoka, ila heshima aliyomzoesha mama huyu ilikuwa haijamwisha yote.

"Tumngoje huyo Kija. Akisema ni mchezo, kila mtu anaweka jiwe chini, anaenda kwake. Akisema siyo, mimi peke yangu siwezi kuwazuia."

Hawakungoja sana. Kija hakuwa mbali, alikuwa pale pale getini. Aliingia anakimbia, watu wakampisha, na Modesta alipomwona machozi ya faraja yakamtoka. Hata katika hali ile kijana hakusahau adabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Waambie, mwanangu. Waambie huu mchezo wetu."

Kija alilitazama kopo. Akawatazama watu na mawe yao mikononi. Kisha akamgeukia shangazi yake, uso umejaa huruma.

"Mchezo gani, shangazi?"