Tuta Mbele ya Shimo la Ngiri

Ngiri alikuwa mnyama wa mbio, na akishaanza kukimbia husahau anakokwenda. Kanga, aliyechoka kuona vifaranga wake wakikoswakoswa na kwato, alimwomba Fuko ainue tuta njiani, mbele ya shimo la Ngiri.

Ngiri akawaka. "Linanichelewesha! Kila nikifika hapa lazima nipunguze mwendo!"

"Kwani unawahi wapi, jirani?" Kanga akauliza.

Ngiri akampa kisogo. Akaenda kuwaomba wanaolipinga tuta waweke nyayo zao kwenye tope. Unyayo mmoja ulikuwa mpana kuliko zote, lakini hakuuliza ni wa nani. Alifurahi tu kwamba nyayo zimetosha kumtaka Fuko aliondoe tuta. Fuko akalisawazisha tuta.

Kesho yake Ngiri alirudi kutoka malishoni, mkia juu, akalipita shimo lake bila kuliona. Alikimbia mpaka vichaka vya mbali, akasimama akihema. "Hivi nilikuwa nakwenda wapi?"

"Karibu, jirani," Simba akasema taratibu, tope limemkaukia mguuni. "Lile tuta ndilo lililokuwa likikusimamisha kwako. Ndiyo maana na mimi niliweka unyayo."